Kamera ya rifabishi au ya demo inazingua? Hivi ndo unajua kama ni mbovu kweli au ni setingi tu

Kamera imefika, umefungua boksi, umeweka betri, umewasha, na kuna kitu hakikai sawa. Labda haifokasi, labda picha zina vidoa, labda ukiitingisha unasikia kitu kinagonga ndani. Usikimbilie kumporomoshea muuzaji matusi, na pia usijipe moyo kwamba itakaa sawa yenyewe huko mbele. Kwa vifaa vya rifabishi na vya demo, shida karibu zote zinaangukia sehemu tatu: setingi alizoacha mtu aliyetangulia, tabia ya kawaida ya kamera ambayo wewe tu hukuijua, au ubovu wenyewe. Kazi yako ni kujua yako iko wapi kabla siku za kurudisha hazijaisha, na hizo siku usizichukulie poa, zina thamani kuliko hata waranti. Waranti inakupa fundi, siku za kurudisha zinakupa hela yako.

Halafu ujue umenunua nini hasa, maana ugonjwa unafuata asili. Rifabishi ya kiwandani ni ile iliyorudi kwa kampuni yenyewe iliyoitengeneza, ikakaguliwa, ikarekebishwa kama ilikuwa na tatizo, ikauzwa tena, kawaida kwenye boksi jeupe au la kaki lisilo na mapicha. Hizi ndo za kuaminika zaidi, ila waranti yake mara nyingi ni fupi, kuanzia siku 90 mpaka mwaka. Rifabishi ya duka ni kitu kingine kabisa, hapo inategemea duka, kuna wanaokagua kweli na kuna ambao wamefuta vumbi wakairisti wakaiweka sokoni. Demo ni ile iliyokaa kaunta watu wakiishikashika kutwa nzima, au iliyokuwa inaazimishwa kwa wapiga picha na waandishi ili waijaribu. Ya kaunta inaweza kuwa na shata chache sana (shata ni pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga picha) lakini skrini imewaka masaa hayahesabiki. Ya kuazimishwa ni kinyume chake, inang'aa nje lakini imepiga picha kama imelipwa. Kama tangazo halikusema ni ipi, muulize muuzaji kwa maandishi leo hii, usisubiri shida itokee.

Kabla hujagusa kingine chochote

Usisafishe sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Narudia, usisafishe, hata kama una vifaa na unajua kazi, kwa sababu ukishaigusa muuzaji ana haki ya kusema mkwaruzo ni wako. Usiapdeti famwea, ile programu ya ndani ya kamera. Usibandue stika wala kutupa vikaratasi. Linganisha siriali namba ya kwenye bodi na ile ya kwenye risiti na kwenye boksi, zikitofautiana simama hapo hapo, piga picha, andika kwa muuzaji. Kisha piga picha kadhaa kwenye RAW (faili ghafi) na JPEG kwa pamoja, ukiwa hujabadilisha setingi yoyote. Hizo ndo ushahidi wako wa hali iliyokujia nayo.

Ukishamaliza hapo ndo unairisti. Na hapa wengi wanakosea: kuristi mara moja hakufuti kila kitu. Kwenye kamera nyingi menyu ya kuristi setingi za kupigia iko peke yake, ya mtandao peke yake, ya vitufe ulivyovipangia kazi peke yake, na zile nafasi za kuhifadhi mipangilio kwenye dayo, lile gurudumu la kuchagulia modi (C1, C2, au U1, U2 kwa Nikon) nazo zinaweza kubaki vile vile. Pitia zote. Ukimaliza weka dayo kwenye P, lenzi kwenye AF (fokasi ya oto), ISO (wepesi wa kunasa mwanga) kwenye oto, ndo uanze kupima. "Kamera mbovu" nyingi zinaponea hapa.

Ukibonyeza kitufe cha picha nusu haifokasi

Ukiona hivi, fikiria kwanza kwamba aliyetangulia alikuwa anafokasi kwa kitufe cha nyuma, kile cha AF-ON. Wapiga picha wa michezo na wa harusi wanapenda sana huo mtindo, na wakishaupanga kitufe cha picha kinaacha kabisa kufokasi. Bonyeza AF-ON kwa dole gumba, ikifokasi basi kamera ni nzima, ni setingi. Cha pili angalia swichi ya AF/MF (fokasi ya oto au ya mkono) ubavuni mwa lenzi, na kwenye lenzi za tele (za kuvuta mbali) angalia swichi ya kuzuia umbali, maana ikiwekwa "kuanzia mita kadhaa mpaka mbali" basi kitu cha karibu haitakishika hata ufanyeje.

Kama hivyo vyote viko sawa na bado inahangaika, weka lenzi nyingine. Ikishika na lenzi nyingine, tatizo liko kwenye lenzi. Ikigoma na lenzi zote, angalia vile vipini (pini ndogo) vya dhahabu pale lenzi inapofungwa: kama kuna kilichozama hakirudi juu, au kimepinda, hilo si la kusafisha, hilo ni la kurudisha.

Inafokasi lakini siyo pale ulipolenga

Hapa inategemea aina. Kwenye DSLR, kamera zenye kioo ndani, fokasi inapimwa na kihisi kingine kilicho chini ya kioo, kwa hiyo inaweza kusema imeshika wakati kwenye sensa picha inadondokea mbele au nyuma kidogo ya pale ulipolenga. Ingia kwenye menyu ya kurekebisha fokasi kidogokidogo, kwa Nikon ni AF fine-tune, kwa Canon ni AF microadjustment, uone kama kuna namba iliyoachwa. Mtu anaweza kuwa alirekebisha kwa ajili ya lenzi yake yeye, kama +12 hivi, kwa hiyo na wewe unapiga na marekebisho ya lenzi ya mtu mwingine. Rudisha sifuri, weka tripodi, lenga kitu chenye maandishi kilichosimama wima, apecha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) wazi kabisa, piga ukichungulia kwa kioo kisha piga kwa live view, yaani ukitazama kwenye skrini. Live view ikiwa kali na ya kioo ikiwa na ukungu, ni mambo ya kurekebisha namba. Zote zikiwa na ukungu, angalia lenzi, siyo bodi (kamera yenyewe).

Kwenye mirolesi, kamera zisizo na kioo, sensa yenyewe ndo inayofokasi, kwa hiyo hilo la mbele na nyuma halipo kwa kiasi hicho. Mirolesi ikikosea kila mara kwenye kitu kilichotulia na mwanga wa kutosha, mimi ningeshuku lenzi kabla ya kitu kingine chochote.

Upande mmoja wa picha mkali, mwingine umelegea

Hili ndo tatizo ninaloliogopa kuliko yote kwa lenzi za rifabishi na demo, kwa sababu kwa macho huwezi kuliona, lenzi inaweza kuwa safi kama imetoka kiwandani leo. Vioo vya ndani vimehama kidogo kutoka kwenye mstari wake, kawaida kwa sababu lenzi ilidondoka au ilifungwa vibaya baada ya matengenezo. Na ukifikiria, lenzi kama hii ina sababu nzuri sana ya kurudishwa na mteja wa kwanza, kisha mkaguzi wa dukani akaipiga picha mbili akiangalia katikati tu akaipitisha, ikakujia wewe.

Kupima ni hivi. Tripodi, ukuta wenye matofali au kitu chochote bapa chenye maelezo mengi, kamera ikitazama ukuta sawasawa (hapa watu hawako makini, wanasimama kimshazari halafu wanalaumu lenzi), apecha wazi kabisa, zima stebilaiza (kizuia mtikisiko), tumia taima ya sekunde 2. Piga, kuza picha mpaka asilimia 100, linganisha kona nne. Kona zote zikiwa zimelegea kidogo kwa kiasi kinacholingana, hiyo ni kawaida ya lenzi nyingi zikiwa wazi. Kona moja au upande mmoja ukiwa umelegea peke yake, geuza kamera kichwa chini upige tena. Ulegevu ukihamia upande wa pili wa ukuta lakini kwenye picha ukabaki upande ule ule, ni lenzi. Ukibaki kwenye sehemu ile ile ya ukuta, ni wewe hujasimama sawa. Kwa zuum pima mwanzo, katikati na mwisho, maana zuum inaweza kuwa nzuri kwenye milimita 24 na mbovu kwenye 70.

Kipimo hiki kikithibitika omba kubadilishiwa au kurudishiwa hela, usikubali haraka lenzi ipelekwe kwa fundi. Kupanga upya vioo vya ndani ni kazi ya vifaa maalumu, na inaweza kwenda ikarudi vile vile siku zako zikiwa zimeshakwisha.

Inagonga ndani ukiitingisha

Mara nyingi siyo ubovu. Kamera zenye stebilaiza ya ndani ya bodi sensa yake inaelea, na ikizimwa nyingi zinaiachia huru, kwa hiyo ukitingisha inagonga. Lenzi zenye stebilaiza nazo zinafanya hivyo, na baadhi ya lenzi mpya za mirolesi vioo vya fokasi vinateleza huru umeme ukikatika. Washa kamera kisha tingisha taratibu. Mlio ukipotea, lala usingizi. Mlio ukiendelea kamera ikiwa imewaka, au ukiwa wa kitu kidogo kinachotembea kama skrubu, rudisha.

Vidoa vyeusi mahali pale pale kila picha

Vumbi kwenye sensa. Ili ulione vizuri weka apecha ndogo, f/16 au f/22, lenga anga au ukuta mweupe, fokasi ivuruge makusudi. Vumbi linatokea kama vidoa vyenye kingo laini. Oili inatokea kama vidoa vya duara vyenye ukingo unaoeleweka zaidi. Vumbi kidogo kwenye kitu kilichotumika ni kawaida, hata usijisumbue, washa ile ya kujisafisha yenyewe mara chache uone kama vitapungua. Ila ukipiga picha mia chache ukakuta vidoa vimezidi, kuna kitu kinamwaga.

Mfano wake maarufu ni Nikon D600 ya 2012, ilikuwa inakusanya vidoa kwenye sensa kuliko kawaida mpaka Nikon wakatoa tangazo Februari 2013, kisha 2014 wakakubali kuhudumia bure hata zilizopitwa na waranti, na katikati hapo, Oktoba 2013, ikatoka D610. D600 nyingi ziliishia kwenye soko la rifabishi. Kabla ya kununua modeli yoyote tafuta kwanza kama iliwahi kuwa na tangazo la huduma, na siriali namba yako kama imo. D750 nayo ilikuwa na la shata 2015, na Leica M9 sensa yake inaweza kuliwa na kutu kwenye kioo kinachoifunika, hiyo inatokea kama vidoa ambavyo hakuna usafishaji utakaovitoa.

Mkwaruzo ni mstari, siyo kidoa. Ukiuona, picha moja tu inatosha kuirudisha, usijadili.

Vinukta vyekundu, vyeupe au vya bluu gizani

Pikseli zilizogandia. Funga kifuniko cha lenzi, piga picha ya sekunde 1 kwenye ISO 800 hivi, kisha nyingine ya sekunde 30. Ile ya sekunde 30 vinukta vitakuwepo, kila sensa inavyo, kwa hiyo usishtuke. Vikionekana kwenye picha za kawaida za mchana ndo tatizo, na hata hapo kuna dawa: kamera nyingi za mirolesi zina pixel mapping kwenye menyu (kutafuta pikseli mbovu), unaiendesha inavizima. Kwa Sony ambazo hazina hicho kitu kwenye menyu, kamera yenyewe inafanya kila baada ya muda, na watu wanaiharakisha kwa kusogeza tarehe mbele mwezi mmoja, wanazima, wanawasha. Mstari mzima wa rangi kutoka juu mpaka chini haumo kwenye hesabu hii, huo unarudishwa.

Mistari ya giza kwenye picha za ndani

Kwanza zima shata ya kielektroniki, weka ya mekanika. Taa za LED zinawaka na kuzima haraka sana na shata ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari, ndo maana inakamata zile nyakati za giza. Kwenye video shida inaweza kuwa kamera imetoka nchi yenye umeme wa 60Hz na imewekwa NTSC (mfumo wa video wa 60Hz), na wewe uko kwenye 50Hz. Badilisha iwe PAL, shata 1/50 au 1/100. Kwenye 60Hz tumia 1/60 au 1/120.

Kipande cheusi chini au juu ya picha ukitumia flashi ni kwamba umepita spidi ya shata ambayo flashi inaweza kwenda nayo, kawaida 1/200 au 1/250, siyo ubovu. Sasa toa flashi, nenda nje, piga anga kwenye 1/4000 na 1/8000 mara kadhaa mfululizo. Upande mmoja ukiwa na giza hata kwa picha moja moja, pazia za shata haziendi sawa. Hiyo ni shata inayoelekea kufa.

Idadi ya shata haiendani na alivyosema muuzaji

Usomaji unategemea kampuni. Nikon wanaiandika ndani ya faili la picha, programu kama ExifTool inaisoma bure, na kwa mirolesi zao za Z utakuta namba mbili, ya jumla na ya shata ya mekanika, ya pili ndo inayohusu uchakavu. Sony nyingi nazo zinasomeka kwenye RAW. Canon nyingi hawaandiki kwenye picha, inabidi programu ya kompyuta iunganishwe na waya, ingawa baadhi ya mirolesi zao mpya zinaonyesha makadirio kwenye menyu. Nikon Z9 na Z8 hazina shata ya mekanika kabisa kwa hiyo swali lenyewe halipo.

Namba yenyewe isikutie presha bila sababu. Canon 5D Mark IV imekadiriwa 150,000, Nikon D850 200,000, Canon 1D X Mark II 400,000. Haya ni makadirio, kuna zinazokufa mapema na kuna zinazopita mara mbili. Lakini ukiambiwa "haijatumika" ukakuta 40,000, tatizo siyo shata tena, tatizo ni muuzaji, na hapo hata vitu vingine alivyosema vipime upya.

Picha zina jina la mtu mwingine

Sehemu ya hakimiliki kwenye menyu. Mara nyingi kuristi hakuifuti, inafutwa kwa mkono. Ukikuta jina kwenye kitu ulichouziwa kama kipya, hilo ni swali zuri la kumuuliza muuzaji.

Menyu ni ya Kijapani tu

Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinakuja na Kijapani peke yake. Siyo setingi, huwezi kuibadilisha. Inakwambia pia kwamba bidhaa imepita njia ya panya, kwa hiyo ulizia waranti inatolewa na nani, kampuni au duka, kwa sababu huduma rasmi ya nchi yako inaweza kuikataa.

Dalili za kaunta

Kamera inaanza kucheza video yenyewe ukiiacha? Modi ya demo, Sony wanayo, izime kwenye menyu. Vyufainda (pale unapochungulia) ina kivuli cha maandishi yasiyotoka hata ukiangalia ukuta mweupe? Skrini yake ya OLED imeungua kwa kuonyesha kitu kimoja kutwa, haitengenezeki ila kwa kubadilisha. Chomeka waya wa USB na HDMI utikise kidogo, demo nyingi zilikuwa zimefungwa waya wa ulinzi au wa chaji na soketi zinalegea. Zungusha dayo zote taratibu uone kama namba zinaruka. Fungua na funga mlango wa betri.

Tarehe ikijirudisha kila ukitoa betri, acha betri iliyojaa ndani ya kamera siku moja au mbili, ile betri ndogo ya saa ilikuwa imekauka dukani. Betri kubwa nayo angalia afya yake: Canon wanaonyesha vibaa vitatu, Nikon umri kutoka 0 mpaka 4. Ikiwa 3 au 4, au siyo orijino wakati tangazo lilisema orijino, dai nyingine.

Video inakatika dakika 29 na sekunde 59

Nzima. Kamera nyingi za zamani ziliwekewa kikomo hicho kwa ajili ya ushuru wa Ulaya, uliokuwa unahesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kama kamera ya video.

Muuzaji anasema "tumeipima, haina tatizo"

Hapa wanaoandika "kamera mbovu naomba hela yangu" wanashindwa na wanaoandika vizuri wanashinda. Tuma faili la RAW lenyewe, siyo skrinishoti, maana ndani yake kuna siriali, tarehe, lenzi na setingi zote. Andika umepimaje: lenzi gani, apecha gani, umbali gani, tripodi au mkono, na inatokea mara ngapi kati ya ngapi. Tatizo likiwa la kutokea na kupotea, rekodi video ya simu likitokea. Sema unachotaka, kubadilishiwa au kurudishiwa, na uandike barua pepe, siyo simu, ili tarehe ya kulalamika ijulikane ilikuwa ndani ya siku zako. Waulize pia kama wanakata ada ya kurudisha. Mara nyingi ada hiyo ni ya mtu aliyebadili mawazo, haitakiwi kukatwa kwa kitu kilichofika kibovu, na wengi wanaifuta ukiwauliza hivyo kwa upole. Wakisema waichukue wakaipime tena, omba wakuandikie kwamba siku za kurudisha zimesimama mpaka irudi, na kama hawataki kuandika hivyo, irudishe kabisa ununue nyingine.